Jina la Faili Si Faili: Mhadhara Kuhusu Mafaili ya Muda

   

Nilipoalikwa kuzungumza juu ya usalama wa programu, nadhani waandaaji walitarajia habari za wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtanisamehe. Hao wanajulikana, na hata bibi yangu kijijini ameshajifunza kuwajibu. Mimi nimekuja na kitu kidogo ambacho wengi humu hamjawahi kukitazama, ingawa kompyuta zenu zimekitengeneza na kukitupa mara nyingi tangu asubuhi: faili la muda.

Programu ikiwa kazini huhitaji mahali pa kuwekea vitu vya kitambo. Mama lishe akikata nyanya haziingizi sufuriani zote papo hapo. Huziweka kwenye sahani pembeni, na kazi ikiisha sahani inaoshwa. Programu ya kuchapa hufanya hivyo na kurasa zako, seva hufanya hivyo na picha uliyopakia, na programu ya kufungua kiambatisho cha barua pepe hufanya hivyo na kiambatisho chenyewe. Sahani ya pembeni ndiyo faili la muda.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza kwa nini sahani hiyo imekuwa, kwa zaidi ya miaka 30, njia ya watu wasio na ruhusa kusoma siri za wengine na kuharibu mifumo. Nina dai moja tu, na hoja zangu zitaliendea kutoka pande mbalimbali: programu nyingi huliamini jina la faili kana kwamba jina ndilo faili lenyewe.

1. Mahali penyewe ni pa wote

Mfumo endeshi wa Unix ulizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, jimboni New Jersey, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ulikuwa mfumo wa watu wengi kushirikiana mashine moja, na kwa ajili ya vitu vya kitambo ulitenga folda moja iitwayo /tmp, ambayo kila mtumiaji aliruhusiwa kuandika ndani yake. Ifikirieni kama uwanja wa gulio: mtu yeyote hutandika turubai lake popote palipo wazi.

Kuna jambo la Unix ambalo wageni hulikuta wakashangaa. Ruhusa ya kufuta faili haitoki kwenye faili. Inatoka kwenye folda ambamo faili hilo limo. Folda ni daftari la majina, na kufuta faili ni kukata jina katika daftari. Kwa hiyo katika uwanja wa wote, ambako kila mtu anaandika daftarini, kila mtu aliweza pia kukata jina la faili la mwenzake na kuweka lingine mahali pake. Ilichukua miaka mingi hadi tatizo hilo kurekebishwa. Toleo la Unix liitwalo 4.3BSD, la mwaka 1986, liliazima alama ya zamani iliyoitwa biti ya kunata, ambayo mwanzoni ilikuwa na kazi tofauti kabisa: kuiambia mashine iendelee kushikilia programu tayari hata baada ya kuimaliza, ili safari nyingine ianze upesi. Ikapewa kazi mpya: katika folda lenye alama hii, weka mzigo wako upendavyo, lakini wa mwenzako usiuguse.

Ninyi vijana wa safu za nyuma mnaotumia Linux, mfumo wa jamii ya Unix, fungueni kompyuta zenu muandike ls -ld /tmp. Herufi ya mwisho katika safu ile ya ruhusa ni t. Hiyo ndiyo biti yenyewe.

Biti ya kunata ilimzuia mtu kuondoa turubai la mwenzake. Haikumzuia kuwahi.

2. Kati ya kuuliza na kuketi

Nendeni kituo cha daladala saa 11 jioni. Mtu anamuuliza konda, "Kuna kiti?" Konda anachungulia, anajibu, "Kipo, ingia." Mpaka mtu huyo avuke ngazi, kuna mwingine amerusha mkoba dirishani na kiti kimekwenda. Konda hakusema uongo. Kiti kilikuwapo alipoangalia, hakikuwapo mtu alipofika.

Programu nyingi za zamani, na si chache za leo, hufungua faili la muda kwa mtindo huo. Kwanza zinauliza: je, kuna faili lenye jina hili? Zikijibiwa hapana, zinaendelea na shughuli nyingine kidogo, kisha zinafungua faili kwa jina lilelile. Kati ya swali na kitendo kuna mwanya. Kwetu ni kufumba na kufumbua, ila kwa kompyuta ni muda wa kutosha kwa maelfu ya maagizo kupita.

Kunyang'anywa kiti ni hasara ndogo. Kubwa zaidi ni hii: badala ya kukalia kiti, mwizi anabadilisha kibao cha mbele cha gari. Umesoma Posta, ukapanda, ukajikuta Mbagala. Unix ilipata vibao vya namna hiyo katika toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, na hapa nitaviita viungo. Kiungo ni jina lisilo na kitu ndani yake isipokuwa maelekezo: unachokitafuta kiko kule. Programu inayofungua kiungo hupelekwa kule bila kuulizwa. Ni chombo kizuri na sina ugomvi nacho. Lakini tazameni kinavyofanya kazi katika uwanja wa wote.

Chukulia kuna mtumiaji wa kawaida, tumwite Juma, asiye na ruhusa ya kugusa faili la manenosiri ya mfumo. Juma anajua kuwa kila usiku programu fulani, inayoendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, huandika katika /tmp faili lenye jina fulani. Anawahi. Anaweka pale kiungo chenye jina hilo hilo, kinachoelekeza kwenye faili la manenosiri. Usiku programu inafika, inaliona jina inalolijua, inalifuata, na kumwaga maandishi yake juu ya faili la manenosiri. Ruhusa zote zilikuwa sahihi, maana mtumiaji mkuu anaruhusiwa kuandika popote. Juma hakuvunja mlango, alimwelekeza mwenye funguo.

Huu si mfano wa darasani tu. Mwezi Novemba 1993, kituo cha usalama wa kompyuta cha CERT, cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilitoa tahadhari juu ya xterm, dirisha la kuandikia amri lililokuwa katika mashine nyingi za Unix. Katika mashine hizo xterm ilikuwa ikiendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, na iliweza kutunza katika faili kumbukumbu ya yote uliyoyaandika. Kabla ya kufungua faili hilo iliuliza kwa uungwana kabisa: je, mtumiaji huyu anaruhusiwa kuandika hapa? Ikijibiwa ndiyo, ikafungua, safari hii kwa mamlaka yake kubwa. Aliyebadilisha jina hilo liwe kiungo katikati ya hatua hizo mbili aliweza kuunda au kubadilisha faili lolote katika mfumo. Angalieni kwamba ulinzi wenyewe ndio uliozaa udhaifu: bila lile swali la kiungwana, pasingekuwapo mwanya wa kuingilia, ingawa pangekuwapo ubaya mwingine. Mwaka 1996 watafiti Matt Bishop na Michael Dilger walichapisha uchunguzi wa jinsi ya kuitafuta mianya hii ndani ya msimbo, na xterm ndiyo iliyokuwa mfano wao mkuu.

Wapo wanaoniambia: mwalimu, mwanya wenyewe ni mdogo mno, nani atauwahi? Wahenga walimhesabia mwizi siku 40. Mwizi wa mwanya huu hana hesabu. Akikosa mara elfu kumi anaanza tena, na hakuna aliyemsikia akigonga.

3. Jina linalobashirika

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika ofisi moja isiyo na haja ya kutajwa, niliandika skripti ya kukusanya orodha ya mishahara kila usiku saa 8 na kuituma kitengo cha fedha. Orodha ilipitia /tmp, katika faili nililoliita mishahara, nukta, kisha alama mbili za dola. Katika skripti za Unix alama hizo hugeuka kuwa namba ya mchakato, yaani namba ambayo mfumo huipa kila programu inapoanza. Nilijisifu, maana namba ilibadilika kila usiku na hakuna faili lililogongana na lingine. Na mwishoni skripti ilifuta faili hilo, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Siku moja asubuhi mzee mmoja wa zamu akaniita. "Kijana, njoo uone mishahara yenu ilipolala." Nikasogea, "Shikamoo mzee." Akaitikia huku akinionesha skrini. Orodha nzima ilikuwa ndani ya folda lake, jina kwa jina, mshahara wangu ukiwa miongoni.

Alichofanya ni amri moja fupi. Katika Linux ya siku zile namba za mchakato zilifika 32,767 kisha zikazunguka upya. Yeye aliweka viungo kwa namba zote, kutoka 1 hadi 32,767, vyote vikielekeza kwenye faili lake mwenyewe. Kazi ya sekunde chache. Skripti yangu ilipofika, jina lolote ambalo ingelichagua lilikwisha kuwekewa kibao. Ikaandika katika faili la mzee. Halafu ikafuta kwa adabu zake zote, lakini ilichofuta ni kibao. Faili lilibaki kwa mwenyewe. Mzee yule angeweza kuniripoti. Akanituma chai, na nilipoileta akanifundisha.

Kumbe kosa langu lilikuwa na ukoo. Toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, lilikuwa na kazi iitwayo mktemp: unaipa kiolezo cha jina, nayo inakurudishia jina ambalo halijatumika. Sikilizeni vizuri hapo. Inakurudishia jina. Faili bado halipo; kulifungua ni juu yako, kwa wakati wako, na mwanya wa daladala ni wako pia. Utekelezaji wa 4.3BSD ulijaza kiolezo kwa namba ya mchakato pamoja na herufi moja, kwa hiyo kwa mchakato mmoja yaliwezekana majina 26 tu. Windows nayo ina kazi yake ya kutunga majina ya muda, na sehemu inayobadilika katika jina ina nafasi 65,535 kwa kiambishi kimoja katika folda moja. Wengine humu mmewahi kukutana na ukomo huo bila kuujua: programu inagoma kuchapa, fundi anakuja, anasafisha folda la Temp lililojaa uchafu wa miaka, mambo yanaendelea, na mnamlipa.

Dawa ilipatikana kwa kuunganisha swali na kitendo. Mfumo una agizo linalosema: unda faili hili sasa hivi, na kama jina lipo tayari, hata likiwa kiungo, kataa. Hakuna pumzi katikati. Juu ya agizo hilo ikajengwa mkstemp, ambayo hutunga jina lisilobashirika kirahisi, huliunda faili, na kukukabidhi faili likiwa limekwisha funguliwa. Huyu ni abiria ambaye haulizi kiti. Anaketi, akikuta mtu anatafuta kingine. Kuanzia hapo jina halikuhusu tena, kwa sababu umeshika kitu chenyewe mkononi.

Kiwango cha POSIX, cha mifumo ya jamii ya Unix, katika toleo la mwaka 2008 kiliiondoa mktemp. Lugha ya Python iliitangaza mktemp yake kuwa ya kuachwa tangu toleo la 2.3, mwaka 2003. Iandikeni leo katika Python ya kisasa: bado inakubali. Imebaki kwa sababu programu za zamani zinaitegemea, nami nawaelewa waliokubali ibaki, ila sikubaliani nao.

4. Macho ya jirani

Mpaka hapa nimesema juu ya kuandika. Kusoma ni rahisi zaidi na hakuhitaji kuwahi kitu. Katika mifumo mingi, faili jipya likiundwa bila maelekezo maalumu, mwenyewe hupewa ruhusa ya kuandika na dunia nzima ikapewa ya kusoma. Nyumbani kwako hilo huenda lisikudhuru. Katika /tmp ni kuanika barua yako gulioni.

Hata mkstemp, niliyoisifu sasa hivi, haina historia safi. Katika matoleo ya mwanzo ya maktaba ya C ya GNU, mpaka 2.0.6, ilitengeneza faili ambalo kila mtumiaji aliweza kulisoma, na pengine hata kuliandika. Walirekebisha katika toleo lililofuata.

Msidhani ni habari za enzi hizo tu. Mwezi Oktoba 2020 JUnit, chombo ambacho karibu kila mwandishi wa Java hukitumia kupima programu zake, kilitangaza udhaifu na kutoa toleo la 4.13.1: folda zake za muda, katika mifumo ya jamii ya Unix, zilisomeka na watumiaji wengine wa mashine hiyo. Mwaka huohuo Guava, maktaba ya Google, ikakutwa na kosa la aina hiyo katika kazi yake ya kuunda folda la muda, na mwaka 2023 ikalazimika kutoa toleo la 32 kwa sababu ya sehemu nyingine yenye tabia hiyo. Wakati huo Java yenyewe ilikuwa na njia salama tangu toleo la 7, la mwaka 2011. Walioandika vyombo hivyo ni hodari kuliko mimi. Lakini njia ya zamani ilikuwa fupi kuandika, na ilifanya kazi.

5. Cha muda kinachobaki

Hii nitaipitia upesi. Programu ikikatika njiani, umeme ukienda, faili la muda hubaki pale lilipo. Hata likifutwa, mara nyingi kinachofutwa ni jina. Yaliyomo hukaa kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Si kompyuta peke yake: mashine kubwa za fotokopi nyingi zina diski ndani. Mwaka 2013 kampuni ya bima ya afya ya New York, Affinity Health Plan, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola 1,215,780. Ilikuwa imerudisha mashine za fotokopi ilizokodi bila kusafisha diski zake. Moja ikanunuliwa na kituo cha televisheni cha CBS kwa uchunguzi wa habari, na ndani yake zikakutwa taarifa za wagonjwa. Ilikadiriwa kuwa hadi watu 344,579 huenda waliguswa. Hakuna aliyekusudia kuzitunza taarifa hizo. Zilikuwa zikisubiri kuchapwa.

Sasa pita stesheneri yoyote jirani na chuo, keti kwenye kompyuta ya kuchapia, ufungue folda la Downloads. Vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya nyumba, barua za kuomba kazi, majibu ya hospitali. Kijana wa stesheneri hana kosa. Wateja wamepanga foleni na hakuna aliyemwambia kuwa kufuta ni sehemu ya huduma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinataka taarifa za mtu zisikae kupita haja iliyozileta. Maofisa Tehama mliopo, hapo mna kazi inayowasubiri mkirudi wilayani.

Tunakoelekea

Kwa miaka mingi jibu la wataalamu lilikuwa: waandishi wa programu waandike vizuri. Upande wa pili ulisema kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikatae kufuata viungo vya kutiliwa shaka katika folda za wote. Katika Linux pendekezo hilo lilianza kujadiliwa mwaka 1996. Likapingwa. Wengine walisema linakiuka POSIX, wengine kwamba litavunja programu zisizojulikana, wengine kwamba mkstemp ipo na inatosha. Lilirudishwa mara kadhaa, mpaka kazi ya mhandisi Kees Cook ilipoingizwa katika kerneli 3.6, mwaka 2012. Miaka 16. Hoja iliyoshinda ni nyepesi: waandishi hukosea, programu mpya huandikwa kila siku, na kuziba mahali pamoja ni bora kuliko kuwafuatilia wote. Siku hizi pia systemd, msimamizi wa huduma katika Linux nyingi, inaweza kuipa kila huduma /tmp yake ya faragha, jina lilelile lakini chumba mbalimbali. Linux ya Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imehamishia /tmp kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa hiyo ukizima yote yanaondoka.

Nafurahia hayo, na bado nina wasiwasi. Wanafunzi wangu sasa wanaandikiwa msimbo na akili unde, na akili hizo zimejifunza kutokana na mifano yetu ya miaka 40, pamoja na alama zangu mbili za dola. Mfano wa zamani huwa mfupi, na mfupi hupendeza macho. Atakayeusoma msimbo huo kabla haujapelekwa kwenye seva ya halmashauri ni mmoja wenu, pengine akiwa peke yake, pengine usiku.

Kwa hiyo, kwa idhini ya Mwenyekiti, Jumamosi ijayo maabara itakuwa wazi kuanzia saa 3 asubuhi. Kila mmoja aje na programu aliyoiandika mwenyewe au anayoitunza kazini. Tutatafuta ndani yake neno mktemp, neno /tmp na zile alama za dola, na kila tutakapovikuta tutauliza: hapa tumeshika faili, au tumeshika jina? Nami nitakuja na ile skripti ya mishahara kama nilivyoiandika, tuanze nayo. Maswali sasa, tafadhali. Naona mkono pale dirishani.